Mbeleko Mlangoni pa Makumbusho



Ndugu msomaji, yako mambo ambayo mtu akiyatazama kwa haraka huyaona madogo mno, hata akastaajabu mwalimu wa chuo kupoteza wino kwa ajili yake. Khabari ya leo ni ya namna hiyo. Mama amembeba mtoto kwa mbeleko, naye amefika penye mlango wa nyumba ya makumbusho. Je, aingie na mwanawe mgongoni, au amfungue kwanza? Wako watakaosema, hilo nalo ni suala? Mimi nasema ni suala, tena lina haki za watu ndani yake, na penye haki za watu hapana dogo.

Kwanza yafaa tuijue kanuni yenyewe kabla ya kuisifu au kuilaumu. Katika majumba mengi ya makumbusho na majumba ya picha huko Ulaya na Marekani, mgeni aliyemfunga mtoto kifuani huachwa apite, na aliyembeba mgongoni huzuiwa, khasa akiwa amemtia katika kile kibebeo chenye fremu ya chuma kinachovaliwa kama shanta. Huambiwa amlete mtoto mbele, na kile kibebeo kiwekwe pamoja na mizigo. Mwenye shanta la nguo naye huambiwa alivae kifuani au aliache mlangoni. Sababu yao ni nyepesi kuifahamu: mgongo hauna macho. Mtu hujua kifua chake kinaishia wapi, lakini hajui mzigo wa nyuma unaishia wapi. Akigeuka kumwita mwenzake, kile cha nyuma hufagia asichokiona. Tena mtoto wa miezi minane ana mikono, na mkono wa mtoto hushika kila king'aacho. Aliyewahi kuingia duka la vyombo vya kigae na mtoto mgongoni hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi kanuni ina akili. Sipendi wale watu ambao wakisikia neno limetoka Ulaya hulikubali bila ya kulipima, wala siwapendi wale ambao hulikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Nakuandikia kutoka Basotu, wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, mbali sana na bahari yenu. Hapa pana ziwa, pana mashamba ya ngano, na mlima Hanang, wenye urefu unaopita mita 3,400, twauona tukitoka kusali alfajiri. Wako hapa Wabarabaigi, Wairaki, Wanyaturu na Warangi, na katika wote hao mtoto mchanga makao yake ni mgongo wa mama. Mgongoni huenda shambani, kisimani, mnadani na hospitali. Huko ndiko anakolala, na huko ndiko anakojifunza sauti ya mamaye kabla hajajua uso wake vyema. Zamani kabla ya kanga kuenea huku bara, mbeleko ilikuwa ngozi iliyolainishwa. Leo ni kanga au kitenge, lakini fundo ni lile lile.

Nyinyi wa pwani huenda mkasema kwamba mjini mama humpakata mwanawe au humweka ubavuni, na mbeleko ni ya shamba. Lakini mbeleko mwaijua, tena mwaiheshimu kuliko mnavyodhani. Kijana akija kuoa, baba wa bibi arusi hupewa kilemba, na mama hupewa mbeleko. Desturi hiyo si katika nguzo za ndoa, na haifai kuichanganya na mahari, kwa kuwa mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya wazazi wake. Walakini wazee wetu walikuwa na maana yao. Walitaka kijana ajue kwamba huyu unayemchukua leo, kuna mgongo uliomchukua kabla yako.

Sasa nikupe kisa. Miaka michache iliyopita tulifunga safari, wanafunzi wakubwa wa chuo chetu pamoja na akina mama kadha wa kadha, tukaenda kuangalia nyumba moja ya makumbusho. Jina lake silitaji wala mji wake, maana shabaha yangu si kumshitaki mtu. Katika akina mama hao alikuwako binti wa jirani yangu, ana mtoto wa miezi tisa amelala mgongoni, na mwingine wa miaka mitatu amemshika mkono. Bawabu akamwambia kwa adabu, "Samahani mama, mtoto mgongoni haruhusiwi. Mfungue umshike." Akajibu, "Nikimshika huyu, huyu wa chini atashikwa na nani?" Bawabu akasema, "Ndiyo amri tuliyopewa, mama." Nikauliza kama pana mahali pa kukaa. Hapakuwa na benchi. Wenzake wakataka kuingia kwa zamu ili wamshikie watoto, lakini alimtazama yule aliyelala, akaona kumwamsha ni kuanzisha kilio, akaketi kwenye ngazi. Akaniambia, "Ingieni tu, baba. Nitasimuliwa."

Tukaingia. Ndani, katika kabati la kioo, ilikuwamo ngozi ya zamani iliyotiwa ushanga pembeni, na karatasi ndogo yaeleza kwamba ngozi hii ilikuwa ya kubebea mtoto mgongoni. Bibi mmoja wa Kiiraki tuliyekuwa naye alisimama hapo muda mrefu. Akawaeleza wanafunzi jinsi ngozi inavyopakwa mafuta na kusuguliwa mpaka ikawa laini, na wapi fundo linakaa lisimuumize mtoto, na kwa nini ushanga huwekwa pembeni, si katikati. Karatasi haikusema hata moja katika hayo. Mbeleko ilikuwa ndani ya kioo, inalindwa na vumbi. Na mwenye kuitumia kila siku yuko nje, juani, haruhusiwi kuingia nayo.

Wala si nyumba ile peke yake yenye kuitukuza nguo hii. Mwaka 2013 British Museum huko London ilifanya maonyesho ya nguo za Kiafrika, na kanga za pwani yetu zilitundikwa ukutani watu wakazitazama. Ni jambo jema. Lakini kanga haikufumwa ili itundikwe.

Je, bawabu yule alikosa? Mimi sisemi hivyo. Yeye ni mtu aliyewekewa amana, na mwenye amana hahukumiwi kwa kuilinda. Vitu vya kale ni amana kweli kweli, kwani aliyevitengeneza amekwisha kufa, na anayestahiki kuviona kesho bado hajazaliwa. Suala langu nawapelekea walioandika amri, na nataka kuwauliza kwa njia tunayoulizana sisi chuoni.

Wanavyuoni wa fikihi wametufundisha kwamba hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Ikiwapo sababu, hukumu huwapo, na sababu ikiondoka, hukumu huondoka. Mfano wao mashuhuri ni ule wa kadhi. Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira. Wanavyuoni wakatazama: hasira imekatazwa kwa nini? Kwa sababu huishughulisha akili. Basi wakasema, mwenye njaa kali naye asihukumu, wala anayeumwa sana, wala aliyezidiwa na usingizi, japokuwa hao hawakutajwa. Na hasira ndogo isiyoondoa fikira wengine hawakuihesabu.

Tuipime kanuni ya makumbusho kwa mizani hiyo. Sababu ni mgongo usio na macho. Haya, basi ndani ya katazo hili aingie pia kijana anayerudi nyuma hatua tatu ili ajipige picha kwa simu yake, na nyuma yake pana mtungi. Huyo mgongo wake hauna macho pia, na hana hata mtoto wa kumfanya aende taratibu. Na aingie mtu mzima anayesoma simu huku anatembea. Kisha umtazame mama aliyefunga kanga sawasawa, mtoto amebanwa mgongoni na mikono yake imo ndani ya nguo, amelala, na vitu vyote chumbani vimo ndani ya kabati la kioo. Sababu iko wapi hapo? Kibebeo cha fremu hutokeza nyuma karibu dhiraa nzima, mtoto ameketi juu kama aliyepanda ngamia, mikono huru. Mbeleko si hivyo. Mtoto na mama huwa kiwiliwili kimoja. Kanuni imeandikwa kwa ajili ya kile chombo cha chuma, kisha ikachukuliwa ilivyo na kuwekwa mlangoni petu, ambapo hicho chombo chenyewe hakijulikani.

Lakini nisizidishe. Viko vyumba vyembamba, viko vitu vilivyowekwa wazi juu ya meza, na yuko mtoto aliyeamka mwenye mkono mwepesi kuliko jicho la mamaye. Hapo bawabu akisema mlete mbele, ana haki, na mama amtii.

Na tuulize, vitu vya kale huvunjwa na nani? Mwaka 2006, katika makumbusho ya Fitzwilliam mjini Cambridge, Uingereza, mitungi mitatu ya Kichina ilivunjika vipande vipande. Aliyeivunja alikuwa mwanamume mtu mzima aliyekanyaga kamba ya kiatu chake akaanguka ngazini. Mwaka 2010 mjini New York, mwanamke mtu mzima aliangukia picha ya Picasso ikachanika. Na huku kwetu, nenda makaburini Kunduchi na penginepo pwani, utazame zile nguzo za makaburi zilizotiwa mabakuli ya Kichina. Utakuta mashimo mengi ambayo bakuli limetolewa. Hayo hayakung'olewa na kichanga. Yaling'olewa na watu wenye patasi na mnunuzi.

Beit al-Ajaib ya Unguja mwaijua nyote. Ilijengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, ikapigwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 na isianguke, ikaja kuwa nyumba ya makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake ikaanguka, ikafungwa. Na tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, upande wa mbele ukaporomoka, na watu wawili wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kilichoshinda mizinga ya manowari kikashindwa na miaka, unyevu na kuchelewa kwa mafundi.

Hapa Basotu vitu vya kale havina mlango wala bawabu. Wabarabaigi huwazika wazee wao wakubwa kwa kuwajengea kilima cha udongo, na vilima hivyo ndivyo vitabu vyao. Yalipokuja mashamba makubwa ya ngano ya serikali kwa msaada wa Kanada, kiasi cha ekari 100,000 katika uwanda huu, matrekta yalipita juu ya makaburi mengi yakalimwa pamoja na konde. Wenyewe walikwenda mpaka mahakamani katika miaka ya 1980 kudai ardhi yao. Sisi Waislamu twajua kwamba kaburi halikanyagwi wala halikaliwi, na heshima hiyo mtu huipenda kwa wa kwao na huwatakia wengine. Mwenye kutaka kulinda urithi wa nchi hii, ajue hatari kubwa yatoka upande gani, kisha ndipo amtazame mama mwenye mbeleko.

Turudi katika dini yetu, maana huko liko jambo zuri ajabu. Abu Qatada (R.A.) amehadithia, na Bukhari na Muslim wameipokea, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwasalisha watu na huku amembeba begani Umama, mtoto wa binti yake Zaynab. Alipotaka kusujudu alimweka chini, na alipoinuka alimbeba tena. Fikiri, ndugu yangu. Hakuna mahali penye utulivu kuliko sala, wala hakuna mlinzi wa sala kuliko yeye. Penye sijda alimweka chini, kwa kuwa sijda ina haki yake. Lakini hakumwacha nje ya sala, wala hakumwambia mtu ampeleke mbali mpaka amalize. Imamu Nawawi, katika madhehebu yetu, amechukua katika Hadithi hii kwamba nguo na mwili wa mtoto ni safi mpaka ujulikane uchafu, si kinyume chake. Yaani mtoto hadhaniwi ubaya kabla hajaufanya.

Na Hadithi nyingine yatueleza kuwa Mtume (S.A.W.) aliingia katika sala akitaka kuirefusha, akasikia mtoto analia, akaifupisha, kwa kujua uzito unaompata mamaye. Basi akina mama walikuwamo msikitini pamoja na vichanga vyao, na aliyepunguza ni imamu, si mama. Na katika Sura ya Luqman na Sura ya Ahqaf Mwenyezi Mungu ametutajia uzito wa kuchukua mimba na muda wa kunyonyesha, na katika hii ya pili muda wa mimba na kunyonyesha kwa pamoja umetajwa kuwa miezi thelathini. Serikali gani au ofisi gani iliyowahi kuhesabu kazi ya mama kwa miezi namna hii?

Yako majumba yaliyolitatua jambo hili kwa wepesi. Alhambra ya Granada, kasri la wafalme wa Kiislamu wa Banu al-Ahmar huko Andalusia, lilianza kujengwa katika karne ya 13, na mji ukatoka mikononi mwa Waislamu Januari 1492. Leo ni Wahispania wanaolisimamia, na watu wa dunia nzima huja kusoma kuta zilizoandikwa mara nyingi kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Katika vyumba vya wafalme vigari vya watoto haviingii, kwa sababu njia ni nyembamba na sakafu ni ya zamani. Lakini wasimamizi hawakuishia kwenye katazo. Mwenye kigari hukiacha langoni, naye huazimwa kibebeo cha kumfungia mtoto mwilini, bila ya kulipa. Wamemwondolea mama kitu kimoja wakampa kingine mkononi, naye ameingia, ameona. Hiyo ndiyo siasa njema ya mlango.

Nimetaja Andalusia, na huenda msomaji anafurahi kuwa mashitaka yako mbali. Hebu tuingie misikitini mwetu. Mara ngapi tumeona ubao umeandikwa watoto wasiletwe? Mara ngapi mama msafiri amefika adhuhuri, mtoto mgongoni, akaambiwa na mzee mmoja asiyekuwa hata imamu kwamba msikiti huu hauna sehemu ya wanawake, na akasali chini ya mwembe au akakosa kusali? Wengine hutoa hoja kwa ile Hadithi ya kuiepusha misikiti na watoto. Hiyo imo katika Sunan ya Ibn Majah, na mabingwa wa elimu ya Hadithi wameidhoofisha sanad yake. Haifai kuichukua dhaifu na kuiacha ile ya Umama iliyo sahihi. Bawabu wa makumbusho alau ana mtungi wa kuuogopea. Sisi twaogopea nini, mkeka?

Sisemi mtoto aachwe apige kelele watu wasimsikie imamu. Nasema pawe na mahali pake.

Ninayowaomba wenye majumba ya makumbusho katika nchi zetu ni machache, wala hayahitaji mfadhili. Amri ya mlangoni iandikwe kwa Kiswahili na iseme sababu, ili mama ajue anaombwa nini na kwa nini. Chumba chenye kioo kitofautishwe na chumba chenye vitu wazi. Liwekwe benchi kivulini, mahali ambapo mama anaweza kumfungua mtoto, kumnyonyesha, na kumfunga tena kifuani bila ya kutazamwa. Na kando ya benchi patundikwe kanga safi za kuazima, kwa aliyekuja na kibebeo cha chuma au aliyekuja mikono mitupu na mtoto amechoka. Doti tatu zatosha kwa kuanzia, maana doti moja ni kanga mbili, na hizo ni mbeleko sita. Zikichakaa, zitafaa kufutia vumbi vile vioo.